Kusoma Kitabu na Kukaa na Jirani

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu



Desturi ya mkutano huu ni kwamba karani husoma hesabu ya barua zilizoingia na zilizotoka, kisha huketi. Mwaka huu Halmashauri imeniruhusu niongeze neno, nami nimechagua kusema juu ya namna Waislamu wanavyokifasiri Kitabu chao katika nchi yenye watu wa dini nyingi. Najua baadhi yenu mmeshtuka. Mimi ni Mkristo niliyesomeshwa katika shule ya misheni, wala sijui Kiarabu. Sikuja kutoa fatwa. Nitakayoyasema juu ya Kurani nimefundishwa na maalimu mmoja wa mji huu, mzee aliyenivumilia jioni nyingi, na kila alichonifundisha nimekitazama katika tafsiri za Kiswahili. Nikikosea, kosa ni langu, na ndugu zangu Waislamu walio hapa wanisahihishe.

Nimelazimika kusema kwa sababu ya barua moja iliyotoka katika ofisi yetu. Barua hiyo niliiandika mimi.

Mwaka uliopita tulifiwa na mwanachama wetu, fundi wa mashua, mtu wa upande wa Kendu Bay. Alizaliwa katika nyumba ya Waadventista wa Sabato, akasilimu katika ujana wake, akaoa na kulea watoto. Mama yake mzazi yu hai, na hajaacha kwenda kanisani kila Sabato. Ada ya Chama marehemu aliilipa bila kukosa mwezi hata mmoja. Daftari ni shahidi. Alikufa alfajiri ya Ijumaa, nami nikatumwa kwenda msibani kwa niaba yenu.

Kabla ya maziko palitokea maneno. Wazee wa ukoo walitaka maiti ingojewe mpaka watoto walioko Nairobi wafike, kama ilivyo desturi. Watu wa msikiti walisema kuwa sheria yao ni kuharakisha. Mzee wa kanisa naye akakumbusha kuwa jua likitua Sabato itakuwa imeingia, na wao hawaziki siku hiyo. Kwa hiyo watu wa msikiti na watu wa kanisa walijikuta upande mmoja, kila mmoja kwa sababu yake. Mabishano yalikuwa bado makali. Ndipo mama wa marehemu, aliyekuwa ameketi chini karibu na mlango, akasema, "Mtoto nilimzaa mimi, lakini dini aliichagua mwenyewe. Mzikeni kama alivyosali." Shauri likaisha. Alizikwa baada ya sala ya alasiri. Ng'ombe alichinjwa na kijana wa Kiislamu, akapikwa na mama wa kanisa, na wote tukala.

Lakini mwana mmoja wa marehemu aliingia usiku, akakuta kaburi limefunikwa. Hata leo moyo wake haujatulia. Sitawaficha hilo, kwa maana kuvumiliana kuna gharama, na mara nyingine anayeilipa si yule aliyekata shauri.

Basi mjane alipomaliza eda alikuja ofisini kuomba msaada wa maziko. Mnaijua Kanuni yetu ya 9: Chama kitalipa gharama ya jeneza, ya chumba cha maiti, na ya gari la kumchukua marehemu, kwa kuonyeshwa stakabadhi. Mama yule alileta stakabadhi ya sanda, ya ubani na marashi, ya mbao za kufunikia mwanandani, na ya chakula. Stakabadhi ya jeneza hakuwa nayo. Mweka Hazina aliisoma Kanuni, nami nikaisoma, na kwa maagizo yake nikaandika kuwa Chama kinasikitika lakini hakina uwezo wa kulipa.

Alirudi na barua mkononi. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, jeneza lilikuwapo. Ni la msikiti. Lilimbeba likarudi mahali pake. Mume wangu alilipa ada ya mtu, hakulipa ada ya mbao."

Ndugu wanachama, maneno hayo yalinizuia kulala. Nilifungua kamusi. Nikaona kuwa jeneza katika Kiswahili ni kitanda cha kuchukulia maiti mpaka kaburini, na pia ni sanduku la kuzikia. Neno ni moja, maana ni mbili. Sisi Wakristo tulioandika Kanuni tulikuwa na sanduku katika fikira zetu, wala hatukujua kuwa jirani yetu aliyeketi nasi na kupiga kura pamoja nasi alisikia neno jingine. Walioandika Kanuni walikusudia kumpunguzia mfiwa mzigo. Mimi nililishika neno nikaiacha sababu yake, na mjane akarudi mikono mitupu.

Nilikwenda kwa maalimu niliyemtaja, ambaye ndiye aliyeongoza maziko yale, nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akaniambia, "Karani, umesoma kanuni yako kama watu wengine wanavyosoma aya." Huo ndio ulikuwa mwanzo wa masomo yangu.

Yafaa nikiri kuwa nilikwenda na mzigo wangu wa zamani. Katika shule niliyosoma tulifundishwa kwa ufupi kuwa dini ile ilienezwa kwa upanga, tukaonyeshwa aya moja kuwa ushahidi, yaani aya ya 5 ya sura ya tisa, inayoamuru kuwapiga vita washirikina. Nilimwuliza maalimu juu ya aya hiyo kabla ya kahawa kumiminwa. Hakukasirika. Alisema, "Aya haikai peke yake, ina majirani. Bisha hodi kwanza kwa majirani zake." Akanisomea ile iliyotangulia, ambayo inawatoa katika amri hiyo wale waliotimiza mapatano yao, na ile inayofuata, ambayo inaamuru kuwa mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa salama. Vita vile vilikuwa na watu waliovunja ahadi, katika nchi yao na wakati wao. Aliyenionyesha aya ya katikati alikuwa ameziziba zile mbili kwa viganja vyake. Maalimu hakunificha kuwa wako Waislamu pia wanaoziziba, wakasema kuwa aya hiyo imezifuta zote za upole. Lakini alinionyesha kuwa wanavyuoni wengi hawakukubali hivyo.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuuliza sababu ya kushuka kwa aya. Wengi wetu tumesikia kuwa Kurani imesema hakuna kulazimishana katika dini. Ni sura ya pili, aya ya 256. Mimi nilidhani ni neno la hekima tu, kama methali. Kumbe wafasiri wa kale wamepokea kuwa neno hilo lilishuka kwa sababu ya shauri la nyumbani. Wengine wanasimulia juu ya wanawake wa Madina waliofiwa na watoto, wakaweka nadhiri kuwa mtoto akiishi watamlea katika dini ya Kiyahudi. Na baadaye kabila moja la Kiyahudi lilipotolewa mjini, wazazi walitaka kuwazuia watoto wao wasifuatane nalo. Wengine wanasimulia juu ya mtu wa ukoo wa Banu Salim bin Auf, aliyesilimu huku wanawe wawili wakiwa Wakristo. Alimwendea Mtume kuuliza kama awalazimishe, akajibiwa kwa aya hiyo.

Wazee wangu, nilipoyasikia hayo nilimkumbuka yule mama wa Kendu Bay aliyeketi karibu na mlango. Hakuwa amesoma tafsiri yoyote. Walakini neno lake na jibu alilopewa baba yule wa Madina ni ndugu.

Jambo la tatu ni kupima neno lenyewe. Katika sura ya tano, aya ya 51, Waislamu wamekatazwa kuwafanya Mayahudi na Wakristo kuwa auliya. Wako wanaolifasiri neno hilo kuwa marafiki, na kutokana na hapo wakahubiri kuwa Mwislamu asimpende jirani yake Mkristo. Lakini neno hilo si geni kwetu. Bibi arusi wa Kiislamu ana walii wake, ambaye ni msimamizi, mwenye mamlaka ya kumwoza. Kwa hiyo wafasiri wengine husema kuwa lililokatazwa ni jamaa ya Waislamu, katika siku za vita na hiana, kujitia chini ya usimamizi wa watu wengine. Maalimu alinipeleka tena kwa majirani. Katika sura hiyohiyo, aya ya 5, Mwislamu ameruhusiwa kumwoa mwanamke mwema katika Watu wa Kitabu. Akaniuliza, "Je, Mungu amruhusu mtu kuoa, kisha amkataze kumpenda mkewe?"

Kisha akanionyesha sura ya sitini, aya ya 8, isemayo kuwa Mungu hawakatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa katika nyumba zao. Juu ya aya hiyo imepokewa habari ya Asma, binti wa Abu Bakr. Mama yake, ambaye hakuwa amesilimu, alimjia Madina. Asma hakujua kama yampasa kumpokea, akamwuliza Mtume, naye akamwambia amtendee mama yake wema. Naomba mwangalie jambo hili: aya hizi ambazo leo hubishaniwa na wakubwa zimepokewa pamoja na habari za baba na wanawe, na binti na mama yake. Mambo ya dini nyingi hayakuanza mjini Kisumu. Yalianza jikoni na mlangoni, nyumbani kwa watu.

Sasa mtaniuliza, je, Waislamu wote husoma hivyo? La. Hata katika nyama wanavyuoni wamekhitalifiana. Sura ya tano inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu kwa Waislamu, na cha Waislamu kwao. Walakini madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, yameweka masharti makali zaidi juu ya ni Mkristo gani ambaye kichinjo chake huliwa. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za nchi hii imekuwa desturi kumwita Mwislamu achinje, ili wote wale. Wako Wakristo wanaoona kuwa hilo ni kujinyenyekeza mno. Kwao nasema, rudini katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya nane, mkaone kama yeye aling'ang'ania haki yake ya kula nyama huku ndugu yake akikwazika.

Wala kuvumiliana si kuchanganya ibada. Sura ya 109 imeweka mpaka ulio wazi: kila watu na dini yao. Katika maziko yale sisi Wakristo hatukusimama katika safu za kumsalia marehemu. Tulisimama kando, kofia mikononi, mpaka wakamaliza. Hakuna aliyedharauliwa. Jirani mwema anajua mlango wake ni upi.

Tena tusidhani kuwa haya ni mageni katika pwani hii ya ziwa. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias katika karne ya kumi na tisa, na Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu, na mji wake ukawa kitovu cha Uislamu katika magharibi ya Kenya. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, ikaleta watu wa kila dini. Wanubi walijenga makao yao Kibos. Waadventista walianza misheni ya Gendia mwaka 1906, karibu na Kendu Bay, mahali palipo na msikiti wa zamani. Kengele na adhana zimesikilizana huko muda mrefu kuliko umri wa yeyote kati yetu.

Na lugha yetu ya Kiswahili imeuona mjadala huu kwa macho yake. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, naye alikuwa Mkristo mwenye nia ya kuwasaidia wahubiri wake. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmad wa Waahmadiya, jamaa ambayo Waislamu wengi hawaikubali, alitoa tafsiri nyingine mjini Nairobi. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliona kuwa tafsiri hizo zina makosa mengi, akatoa yake kamili mwaka 1969, na ndani yake akazipinga kwa hoja na kwa ukali. Hawakupendana katika fikira zao. Lakini kalamu ilijibiwa kwa kalamu. Leo mtu asiyejua Kiarabu, kama mimi, aweza kuweka tafsiri hizo mezani na kuona mahali zinapoachana.

Kitabu kisiposomwa kwa elimu, huua. Tarehe 21 Desemba 2015 sisi wenyewe tuliiona. Siku hiyo, karibu na El Wak, wenye silaha wa al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akiwa miongoni mwa waliokataa, akafa kwa majeraha hayo mwezi wa Januari 2016. Wenye bunduki walidai kuwa wanakifuata Kitabu, na Mwalimu Farah naye alikuwa mtu wa Kitabu hichohicho.

Sisi Wakristo tusijione kuwa salama. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu, pamoja na watoto, walioambiwa kuwa wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Biblia walikuwa nayo. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kuwa aya ina majirani.

Sheria ya nchi imetuwekea uzio mzuri. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema kuwa Serikali haina dini yake, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na imeziweka mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Lakini Katiba haiwezi kuja msibani kuamua ng'ombe achinjwe na nani. Hayo ni yetu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mambo matatu, nikiomba mkutano uyafikirie.

La kwanza, Kanuni ya 9 irekebishwe, na badala ya kutaja jeneza iseme kuwa Chama kitatoa msaada wa maziko kwa kadiri ya dini ya marehemu. Kiasi cha fedha kiwe kimoja kwa wote, kwa kuwa ada ni moja. Na mjane wa fundi wetu alipwe kile alichonyimwa.

La pili, kila mwanachama aandike katika kadi yake, angali mzima, dini yake, namna anavyotaka kuzikwa, na jina la mtu wa kupashwa habari kwanza. Hili nalitaka kwa ajili ya yule mwana aliyefika usiku. Kama sisi tungalipiga simu alfajiri ile badala ya adhuhuri, labda angaliuona uso wa baba yake.

La tatu, katika karamu na misiba ya Chama mnyama achinjwe na mwanachama Mwislamu, ili pasiwe na mtu anayeketi na sahani tupu kati yetu.

Nimemaliza. Barua niliyoiandika bado imo katika faili, na sitaiondoa, kwa kuwa karani hafuti kumbukumbu. Lakini naomba ruhusa yenu, wazee wangu, niandike nyingine ya kuijibu, na safari hii niipeleke Kendu Bay mwenyewe.